Umri Uliomtungia Zuhura

Baba Zuhura,

Salamu zako atakupa Abdi kwa mdomo. Karatasi hii ina kazi nyingine. Nimempa huyo huyo Abdi, fundi wa mashine wa gari la moshi, kwa kuwa ndiye aliyetuletea shairi lako. Nimemwambia asikupe mkononi. Aisome hapo barazani kwenu Dar es Salaam baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya wale unaokunywa nao kahawa. Lako hukuniletea faraghani, nami sioni sababu ya kukuletea langu kwa siri. Mliokaa hapo, asalaam aleikum. Mimi ndiye yule mke wa mbugani. Kaeni vizuri, maneno si mafupi.

Kwanza utazame mwandiko. Ni wangu. Herufi hizi za Kiarabu ulinifundisha wewe, katika kile chumba chetu nyuma ya kambi ya reli, na kama nukta nyingine zimekaa upande, ni kwa sababu naandika na hasira. Sijasahau hata moja.

Unakumbuka nilivyokuwa? Nilitoka Mkonze na kibuyu cha maziwa kichwani, nikaja kuyauza kambini kwenu. Reli yenyewe ilikuwa bado haijafika, mlikuwa mkipima njia na kupigilia vigingi, na wewe ukiwa karani wa wapimaji, kanzu nyeupe katikati ya vumbi letu jekundu, ukijikung'uta kila baada ya hatua mbili tatu. Kiswahili changu chote kilikuwa "maziwa," "mazuri" na "sitaki." Ulinunua maziwa usiyoyanywa, leo na kesho, mpaka wenzako wakakupa jina la Ndama. Ulipoanza kuzungukazunguka zizi la baba yangu, mzee alikutazama siku kadhaa, kisha akachoka. "Mbukwa, mkwe," akakusalimu kwa salamu yetu, kabla hujatamka neno la posa. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye samadi na kanzu yako.

Ulitakiwa kunifundisha Kiswahili cha sokoni, ukanifundisha cha mashairi. Nilipolalamika ulisema, "Cha sokoni utakiokota mwenyewe njiani. Hiki hakiokotwi." Basi nikawa kioja cha Dodoma nzima. Vumbi lilipoingia machoni nilikwenda dukani kwa Mhindi nikamwambia, "Mato yaniwasha," kwa sababu ndivyo macho yanavyoitwa katika zile tungo zako za zamani. Mhindi akawaita jamaa zake wote watoke nyuma waje wanisikilize. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nawe ukasema watu wa duka hawajui lugha. Nilikuamini. Nilikuwa nakuamini katika kila kitu enzi hizo.

Na ulikuwa mwalimu mzuri, hilo sitakunyima. Mchana, kazi ikipoa, ulitandika mkeka, ukaweka ungo katikati na juu yake konzi moja ya uwele. Ulisema shairi polepole, na kwa kila silabi nikapanga punje moja. Nane huku, nane kule, na katikati pengo la kidole kimoja. "Hizo ndizo mizani," ukasema. Mstari mzima wa punje ukauita mshororo. Nusu yake ya kwanza ni ukwapi, ya pili ni utao. Mistari minne ikikaa pamoja ni ubeti, na ule wa nne unaofunga maneno ni kituo. Sauti inayorudi mwishoni mwa kila kipande, mstari hadi mstari, ndiyo kina, na shairi lililo zuri lina vina vya ndani na vina vya nje, na havichanganyiki. Siku moja kuku wetu mwekundu alipita akadonoa utao mzima, nawe badala ya kumfukuza ukamwambia, "Ahsante bibi, ule ulikuwa mbaya."

Mimi niliyapenda majina yale kuliko hata mashairi yenyewe. Nilitembea nayo. Nikikamua ng'ombe nilikuwa nahesabu. Baba yangu aliniona nikisogeza midomo akadhani unanifundisha uganga, akamuuliza mama kama wasirudi nyuma kwenye ndoa hii. Lakini kwangu ilikuwa kama kuonyeshwa ndani ya nyumba ambayo siku zote nilikuwa naipita kwa nje tu. Kumbe uzuri una sehemu zake, na kila sehemu ina jina, na mtu akijua jina anaweza kuonyesha kwa kidole na kusema, hapa pamekaa sawa, hapa hapajakaa. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kikubwa hivyo, nakwambia ukweli, na hasira yangu yote inaanzia hapo.

Ulinifundisha na majina ya makosa. Shairi likipungukiwa mizani au likiangusha kina, ulisema ni guni, ukalitamka neno hilo kwa kukunja pua. Ulinifundisha na ruhusa za mshairi. Neno likiwa refu mno unalikata, hiyo ni inkisari. Likiwa fupi mno unalivuta, hiyo ni mazda. "Mshairi ana ruhusa," ulikuwa ukisema kila nilipokukamata. Nikakuuliza, "Ruhusa kampa nani?" Ukajishika sikio ukasema, "Hili."

Zuhura alipozaliwa, masika yale kabla ya reli kutufikia, masomo hayakukoma. Nilimbeba mgongoni nikapanga punje. Ulikuwa hupeleki utungo wowote barazani kwa Mzee Songoro, mkubwa wa wazee wa hapa Dodoma, kabla sijausikia. "Sikio lako halidanganyiki, Mama Zuhura," ulisema. Nawe ukitunga, mimi nilikuwa nakaa kizingitini nasubiri, na ukifika kwenye kituo unanitazama kwanza mimi usoni. Waambie wenzako hapo kama nasema uongo.

Kuna jambo moja ambalo sikulitia maanani wakati ule. Mdachi mkubwa wa boma alitaka utungo wa kumsifu, usomwe siku ya sikukuu ya Kaizari wao, na kazi ikakuangukia wewe. Ukamwandika kuwa ni mpole, ni baba wa mayatima, ni mwenye huruma kwa raia. Wiki ile ile askari wake walikuwa wamemchapa binamu yangu kiboko kwa kuchelewa kazi ya barabara, mpaka akashindwa kukaa. Nikakuuliza, "Upole huo umeuona wapi?" Ukasema, "Tulia, mke wangu. Kwa huyu hata nikidanganya si kitu, mradi vina vikae." Tukacheka wote wawili, tukacheka kweli kweli. Sikujua kuwa ulikuwa unafanya mazoezi.

Mwaka jana wakakuhamishia Dar es Salaam. Ulisema utatuita ukishapata nyumba. Gari likaja na barua mbili, kisha likawa linakuja bila barua, kisha likaja na habari kwamba nyumba umepata, na wa kukaa ndani yake pia umepata, binti wa mjomba wako. Sawa. Sheria inakuruhusu na sikulia mbele ya mtu. Nilikaa na mtoto wangu, nikarudi kuuza maziwa, stesheni sasa. Moshi ukionekana upande wa Ihumwa, Zuhura alikuwa anakimbia mbele kunipangia vibuyu. Sikukuandikia neno la ugomvi. Nilikuwa bado nakukumbuka kwa wema, na hilo linanitia aibu kuliko mengine yote.

Halafu likaja shairi.

Ijumaa ile nilikuwa uani kwa Mzee Songoro, natwanga uwele na mkewe, Bi Mwanaisha. Unaijua ile tembe yao. Ukuta wa uani ndio huo huo wa baraza, na mtu akikohoa upande huu anaombewa afya upande ule. Nikasikia sauti ya Abdi ikisoma, taratibu, kwa mahadhi, na mkono wangu ukasimama wenyewe na mchi juu.

"Wazee wa barazani, nawalilia msiba,
Mwanangu yuko porini, miaka yake ni saba,
Hana wa kumpa dini, mafunzo yake ni haba,
Mleteni, mleteni, akalelewe na baba."

Ndani *ni*, nje *ba*. Nane kwa nane. Sikio langu likahesabu kabla kichwa hakijaanza kazi, na punje zote zilikuwepo. Nikatabasamu, Baba Zuhura. Nilisimama pale uani kwa watu, mikono imejaa unga, nikatabasamu kwa sababu ulikuwa utungo mzuri na mimi ndiye niliyefundishwa kuujua uzuri wake. Nikangoja ubeti wa pili kwa hamu. Ukafika wa pili, ukasema juu ya mama wa mtoto huyo:

"Hajui lililo ndani, la utungo wala huba."

Bi Mwanaisha akaweka mchi wake chini, akanitazama. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa mama huyo ni mimi. Nililipenda shairi lako kabla sijalielewa, na hilo sitakusamehe hata wakinizika nalo.

Hajui lililo ndani la utungo! Nani hajui? Wewe uliyekuwa ukinitazama usoni kila ukifika kwenye kituo, leo unawaambia wanaume wa mji mzima kwamba nilikuwa sielewi? Ungesema mimi ni mkali. Ni kweli, mimi mkali. Ungesema chakula changu ni mlenda leo na mlenda kesho, hata hilo ni kweli, nchi hii ndiyo inavyotulisha. Umeacha makosa yangu yote ya kweli, tele yalivyo, ukachukua kitu kimoja ambacho wewe mwenyewe ulikiweka ndani yangu kwa mikono yako, ukasema hakipo.

Lakini hilo ni langu mimi, ningelimeza. Lililonitoa nyumbani ni saba.

Nyote mliokaa hapo mnajua desturi ya barazani: mtoto akitimiza miaka saba, baba ana haki ya kumdai. Zuhura ana miaka mitano. Gari la kwanza lilipoingia Dodoma, mji mzima ukakimbilia relini na wazee wengine wakakimbilia upande wa pili, alikuwa anatambaa. Ulimnyanyua juu aone moshi, akakutapikia begani. Unajua umri wake kama unavyojua jina lako. Sasa nikakaa chini na ungo wangu kama ulivyonifundisha, nikajaribu kukutetea, ndiyo, kukutetea, nikasema huenda mizani imembana. Nikapanga: "miaka yake mitano." Punje nane. Zimetimia, hakuna iliyozidi wala kupungua. Kumbe mizani haikuwa na tatizo. Ni kina tu. Ulihitaji neno la *ba* ili ufike vizuri kwenye "baba" katika kituo, na mitano haina *ba*, saba inayo. Ungesema kweli, shairi lako lingekuwa guni. Ukaona afadhali mtoto azeeke miaka miwili kwa usiku mmoja kuliko wewe uitwe mtunga guni.

Kufikia Jumapili mji mzima unaimba. Wachota maji wanaimba, wachukuzi wa stesheni wanaimba. Jumatatu wazee wakaniletea neno: Abdi anarudi Dar es Salaam Jumatano, nimtayarishe mtoto. Mnasikia hapo? Hawakuniuliza kitu. Shairi lilikuwa zuri, kwa hiyo lilikuwa kweli.

Bomani sikwenda. Kesi ya mke na mume ikifika kwa Mdachi, mkalimani anaitafsiri apendavyo, na mwisho wake kuna mgongo wa mtu unaoumia. Nilimvika Zuhura nguo safi, nikamshika mkono, nikaenda barazani mchana kweupe, mahali ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kukanyaga mbele ya mlango.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, Mama Zuhura," akajibu Mzee Songoro. Nilimwona hajui aniangalie au asiangalie. "Umeleta jibu?"

"Jibu la nini, baba?"

"La shairi la mumeo. Shairi hujibiwa kwa shairi, kwa vina vile vile. Asiyejibu amekubali. Hujampata mtu wa kukutungia?"

"Sikutafuta mtu. Nimeleta mtoto."

Mwalimu wa chuo cha Kurani, yule kijana wenu wa Pangani aliyekuja baada yako, akacheka puani. "Mtoto tunamjua. Miaka saba."

"Mitano," nikasema.

"Karani kasema saba."

"Karani alikuwepo alipozaliwa, na mimi nilikuwepo. Tofauti yetu ni kwamba mimi sikuwa natafuta kina."

Kisha mwalimu akasema, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, "Mama, haya ni mambo ya fani. Mshairi ana ruhusa."

Baba Zuhura, lile neno lako! Nililisikia likitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine nikaona damu imepanda kichwani. Nikamwambia, "Najua ruhusa zake zote. Kukata neno ni inkisari, kuvuta neno ni mazda. Nionyeshe, mwalimu, ni mzee gani wa fani aliyempa mtu ruhusa ya kumvuta mtoto." Sauti yangu ilikuwa juu, nakiri, hata wapita njia walisimama. Mwalimu akageukia kikombe chake.

Ni Mzee Songoro aliyemaliza. Akamwita Zuhura karibu, akamwambia, "Mjukuu wangu, pitisha mkono wako juu ya kichwa, ushike sikio la upande wa pili." Kipimo hicho kila mtu wa huku anakijua: mtoto asiyefika saba, mkono wake haufiki. Zuhura akapitisha mkono. Vidole vikaishia juu ya sikio, vikawa vinapapasa nywele. Akanyoosha, akakunja uso, kisha, kwa kuwa alitaka kumfurahisha babu wa watu, akainamisha kichwa kulifuata sikio.

"Usiinamishe, mama. Simama wima."

"Nataka kushika, babu."

"Najua. Bado," akasema Mzee Songoro, akautoa ule mkono mwenyewe taratibu, akaushika ndani ya mkono wake. Kisha akawageukia wenzake. "Huyu ni mitano. Tumeona kwa macho."

Ulidhani watakasirika? Ulidhani wangesema karani katudanganya? Mwalimu akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Lakini shairi ni zuri sana." Na wengine wakaitikia kwamba kweli, ni zuri. Hukumu ikawa kwamba mtoto akae nami kwa sasa. Mkono ukifika sikioni, shairi litasomwa tena, na jibu litatakiwa.

Tangu siku ile Zuhura anadhani ni mchezo, na kwamba kuna zawadi. Kila asubuhi kabla ya uji anapitisha mkono juu ya kichwa na kuniita nimtazame. "Bado kidogo, mama!" Anafurahi mkono unavyokua. Mimi nalitazama lile pengo kati ya kidole na sikio, namwambia ale uji wake. Hayo ndiyo maisha uliyotupa kwa ajili ya *ba*.

Sasa, jibu. Nawaambia ninyi mliokaa hapo, maana yeye anajua: jibu ninalo. Ndani *ni*, nje *ba*, na kituo chake kingewafanya mshike vichwa. Nimelitunga nikienda na kurudi Mkonze, na hakuna punje iliyopungua. Mkidhani najisifu, mtazameni Baba Zuhura usoni sasa hivi, uso wake utawaambia. Silileti. Nikilileta, mtakaa na kahawa zenu mtupime, huyu kamzidi yule hapa, yule kamzidi huyu pale, na Zuhura atakwenda kwa aliyeshinda. Mwanangu hatakuwa tuzo ya mashindano ya vina. Na mimi naogopa pia, nawaambia wazi. Nikianza kutafuta maneno ya *ba*, sijui yatanipeleka wapi. Yeye ni mtunzi wa miaka mingi, na angalieni yalikompeleka.

Ulinifundisha jina la kila kasoro, Baba Zuhura. Lililopunguka mizani, lililoangusha kina, lililochanganya bahari, yote yana majina. Shairi lisilokosa kitu chochote ila ukweli, hilo linaitwaje? Nimetafuta katika yote uliyoniachia, sijapata. Huenda wenye fani hawakuona haja ya kulipa jina. Basi nikuulize na lingine. Wakati ule ulipokuwa ukinitungia mimi, yale ya kwamba umeniona kisimani moyo ukasimama, kulikuwa na kisima kweli, au kilifaa tu? Sitaki unijibu. Nilitaka ujue kwamba hata hayo umeniharibia, sasa siwezi kuyasema mwenyewe jikoni bila kuhesabu pale ulipokuwa na shida ya kina.

Unachokitaka, njoo ukiombe. Gari linatoka kwenu na kufika kwetu, njia uliipima mwenyewe. Ushuke stesheni, uje mpaka mlangoni, ukae kwenye kigoda mbele ya mtoto, useme kwa maneno ya kila siku, yasiyolingana mwisho: mimi ni baba yako, nilikuacha, nakutaka. Useme na mama yake ni mtu wa namna gani, nikiwa nimesimama pale pale. Ukiyaweza hayo bila vina, nitakuwekea maji ya kunawa, na hayo mengine tutazungumza.

Ila usikawie. Juzi Zuhura alikuwa nje na wenzake, wanaruka kamba, wanaimba shairi lako tangu mwanzo hadi tamati. Anaujua utungo wote. Akaacha kucheza, akaja jikoni, akasimama karibu yangu.

"Mama, yule mtoto wa porini anaitwa nani?"

Nikayapitia moyoni, ubeti mmoja mmoja. Umemwita mwanangu, umemwita kijana, umemwita tunda la moyoni. Zuhura haiishii *ni* wala *ba*, kwa hiyo haimo.

"Baba yake hakulitaja jina," nikamwambia.

Akafikiri, huku ameshika kamba yake.

"Labda halijui," akasema, akarudi kucheza.

Kwaheri,

Mama Zuhura